Giza la Saa Moja Asubuhi

Wahadhiri wengine pale chuoni walifungua masomo yao kwa kusoma majina ya vitabu na tarehe za mitihani. Suma hakuwa hivyo. Siku ya kwanza ya somo la usanifu wa mantiki ya kidijitali aliingia darasani mikono mitupu, akasukuma madawati ya mbele pembeni, akaita wanafunzi watatu wasimame mbele ya wenzao.

"Wewe na wewe, kila mmoja ni swichi," alisema. "Ukinyoosha mkono, umewashwa. Ukiushusha, umezimwa. Na wewe wa katikati," alimgeukia kijana mrefu, mwembamba, aliyevaa sweta la sekondari lililofumuka kiwiko, "wewe ni lango. Jina lako nani?"

"Kalisti, Madam."

"Kalisti, hujui jambo lolote duniani isipokuwa mikono ya hawa wawili. Wote wakinyoosha, na wewe unanyoosha. Mmoja akishusha, unashusha. Tumeelewana?"

Wakaanza. Mkono huu juu, ule chini, yote juu, yote chini. Suma akawa anapiga makofi ili waongeze kasi, darasa zima likawa linacheka, na wale swichi wawili wakachanganyikiwa wenyewe. Kalisti hakukosea hata mara moja. Alisimama kama mlinzi wa geti la benki, macho yakienda kushoto na kulia, mkono ukipanda na kushuka.

"Mmeona?" Suma aliwaambia walipokaa. "Hilo ni lango la NA. Yako mengine, la AU, la SIYO, tutayaona yote. Simu zenu, mashine ya kutolea pesa benki, mizani ya kule ghala la mahindi, ndani yake wamo hawahawa watatu, wamezidishwa mara mamilioni. Lango halifikiri. Halina huruma wala hasira. Ukiliagiza vibaya, litatii vibaya vilevile."

Alikuwa amesema maneno hayo kila mwaka tangu alipofika Sumbawanga. Alitoka Tukuyu, binti wa mwinjilisti wa Kimoravian, akaja na barua ya ajira akijiambia kwamba angekaa mwaka mmoja kisha aombe uhamisho arudi Mbeya. Uhamisho hakuuomba. Alilipenda somo lake, na alipenda hasa siku zile za mwanzo, wanafunzi wakiwa bado hawajaogopa hesabu zake, kila mmoja akidhani kesho yake atatengeneza roketi.

Maabara ya chuo ilikuwa na vifaa vya kuwatosha wanafunzi wachache tu. Kwa hiyo aliwazoesha kutafuta vipande kwa mafundi redio sokoni, na kazi ya kwanza aliyowapa kila mwaka ilikuwa hii: nenda nyumbani, tafuta jambo moja ambalo mtu wa kwenu huliamua kwa ndiyo au hapana, lifanye saketi.

Wiki ya pili wakaleta. Mmoja alileta tangi la maji linalojizima likijaa. Mwingine alileta jokofu la duka la dada yake. Ilipofika zamu ya Kalisti, alichukua chaki akachora mraba mkubwa ubaoni.

"Hili ni shamba letu, pale Izia, nyuma ya nyumba," alisema. "Mahindi yameshabeba. Wezi wanaingia usiku wanavunja mabichi wanaenda kuuza ya kuchoma. Mzee wangu analala kibandani shambani kulinda, na ana kifua."

Akaonyesha waya mwembamba unaozunguka shamba. Ukivutwa, hiyo ni swichi ya kwanza. Juu ya nguzo kuna kihisi cha mwanga. Giza likiingia, hiyo ni swichi ya pili. Zote mbili zikiwashwa, kengele inalia chumbani kwa mzee. Mchana watu wa nyumbani wanapita watakavyo, kwa sababu swichi ya pili imezimwa.

Suma alishindwa kujizuia. "Hiki ndicho ninachokitaka!" alisema. "Mpigieni makofi mwenzenu."

Makofi yalipopungua, Sharon akanyoosha mkono. Huyu alikuwa binti wa karani wa halmashauri, alikaa mbele siku zote na hakuwa na aibu ya kuuliza. "Madam, kukiwa na mawingu mazito je? Si giza pia?"

"Basi kengele italia bure," Kalisti alijibu mwenyewe. "Mama atatoka kuchungulia, atarudi jikoni. Haina madhara."

Darasa likacheka. "Swali zuri, lakini," Suma alisema. "Kihisi hakijui usiku, kinajua giza tu. Tutafika huko wiki ya saba." Akaita mwanafunzi mwingine.

Kengele ilifanya kazi. Usiku wa kwanza ilipolia, wezi walikimbia wakaacha kiroba kimejaa nusu, na majirani wakaja asubuhi kuitazama ile nguzo na kumpongeza Mzee Wilibrodi, baba yake Kalisti, kwa mtoto aliyempeleka shule. Mzee akahama kibandani, akawa analala kitandani kwake. Kalisti alipomsimulia Suma habari hizo, alikuwa anacheka peke yake kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Lakini mwizi naye husoma. Baada ya siku chache wezi walirudi, wakaiacha kengele ilie, wakaendelea kuvuna. Mzee Wilibrodi alipotoka na tochi, likaja jiwe kutoka gizani likampiga begani. Jingine likavunja kioo cha dirisha.

Kesho yake Kalisti alimsubiri Suma kwenye korido. Suma alikuwa amebeba rundo la karatasi za majaribio, simu inaita mfukoni, kikao cha idara kimeshaanza.

"Madam, shikamoo. Pale kwenye kengele, naweza kuweka kitu kingine?"

"Marahaba. Kitu gani?"

"Chenye nguvu zaidi."

"Taa kubwa? Unaweza. Weka rilei. Saketi yako ndogo inaiamrisha rilei, rilei inawasha chochote unachotaka. Lango halijali upande wa pili kuna nini."

"Chochote?"

"Taa, pampu, chochote. Kalisti, nimechelewa, tutaongea kesho."

"Asante, Madam."

Hawakuongea kesho yake. Kesho yake alikuwa na vipindi vitatu mfululizo, na keshokutwa alisahau. Siku za baadaye, kila alipokumbuka korido ile, kilichomrudia zaidi ni kwamba kijana hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama karatasi alizobeba Suma, kama mtu anayesubiri kupokea kitu.

* * *

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya masika, na ukungu ulikuwa umeteremka kutoka milimani ukalala juu ya mji. Kipindi cha Suma kilianza saa moja. Wanafunzi waliingia nywele zimelowa, wakawasha taa za darasani, na hata hizo zilionekana kama zimefungwa kitambaa. Kalisti alikaa mahali pake pa kawaida, safu ya pili.

Kipindi kilikuwa katikati simu yake ilipoanza kumulika mezani. Aliigeuza kifudifudi. Ikamulika tena, mwanga ukatoka pembeni. Mara ya tatu aliichukua akasoma. Suma alikuwa anachora jedwali ubaoni, na alipogeuka alimwona Kalisti amesimama.

"Kalisti, kipindi hakijaisha."

"Madam, nyumbani," alisema, akatoka. Begi lake lilibaki juu ya dawati.

Yaliyotokea Izia Suma aliyajua vipande vipande, mengine siku ileile, mengine baada ya wiki. Nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee Wilibrodi alikaa mama mmoja aitwaye Cornelia, mke wa Cleophas fundi seremala. Alikuwa na mbuzi wawili. Mmoja alikata kamba usiku. Cornelia akaamka, akawasha moto, akamwekea mumewe maji, kisha akajifunga kanga kichwani akatoka kumtafuta mbuzi. Kulikuwa kumeshakucha kwa saa ya ukutani, lakini nje usingeona nyumba ya jirani. Alifuata kwato kwenye matope mpaka kwenye shamba la Mzee Wilibrodi, akamsikia mbuzi anatafuna ndani ya mahindi. Akakamata waya aunyanyue apite chini.

Kengele ilikuwa imeondolewa, na nyaya zilikuwa mbili sasa. Ule wa zamani, mwembamba, wa kuvutwa. Na wa pili, uliochunwa ganda, uliopita sambamba nao upana wa vidole viwili tu, ukitoka kwenye rilei, na rilei ikitoka kwenye soketi ya sebuleni. Mwizi akikamata mmoja, atakuwa ameukamata na mwenzake. Juu ya nguzo kihisi kilitazama ukungu, kikaona giza. Waya ukavutwa. Lango la NA likapata mikono yote miwili juu.

Mzee Wilibrodi ndiye aliyemkuta. Alitoka kwenda msalani, akaona kanga kwenye majani. Alikuwa na akili ya kutosha kurudi kwanza ndani akachomoa plagi. Mbuzi alikuwa bado anakula.

Majirani hawakuwa wameambiwa kuhusu waya wa pili. Kalisti aliwaambia wa nyumbani peke yao. Aliogopa kwamba akimwonya jirani, habari zingewafikia wezi.

Polisi walimchukua jioni ileile. Hakukimbia. Walimkuta amekaa kwenye tuta mwisho wa shamba, koleo mkononi, ameshazikunja zile nyaya zote mduara mmoja, kama mtu anayetayarisha mzigo wa kurudisha dukani.

* * *

Suma alikwenda msibani na mkuu wa idara, Alex, na wanafunzi wachache. Alex alikuwa mtu wa Mbeya kama yeye, mpole, mwenye woga wa barua kutoka juu. Njiani alimwambia, "Tunatoa pole, tunatoa rambirambi, tunaondoka. Mengine yako polisi."

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka ndani na ukumbini, wanaume nje kuzunguka moto. Suma alikaa karibu na mlango. Nyuma yake kina mama wawili waliongea kwa sauti ya chini, Kiswahili kikichanganyika na Kifipa, lakini alisikia ya kutosha.

"Shambani kwa watu, alfajiri yote ile?"

"Wanasema mbuzi."

"Mbuzi, au mahindi?"

"Mimi sijui. Ule waya ni wa wezi. Mbona wengine haukuwakamata?"

Aliyesikia hakuwa Suma peke yake. Cleophas alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji mkononi. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, vumbi la mbao bado limo kwenye nyusi. Aliwatazama wale kina mama, wakainamisha vichwa. Kisha akamtazama Suma.

"Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Ndimi. Pole sana, kaka."

"Nimeshapoa. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Hiyo mashine inamjua mwizi?"

Kila mtu pale ukumbini aliwageukia. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa neno moja, na yeye alikuwa amelifundisha kwa miaka mingi. Alex akaingia haraka kutoka nje, akamshika Cleophas mkono.

"Mzee wangu, leo tumekuja kulia na wewe tu. Hayo ya kitaalamu yataelezwa mahali pake."

Suma aliinamisha kichwa kama wale kina mama. Cleophas alisubiri kidogo, akanywa maji yake, akaenda zake nyuma ya nyumba.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa. Dawati la safu ya pili lilikuwa tupu, na begi hakuna aliyeligusa. Alifungua kitabu, akaandika kichwa cha somo ubaoni, akageuka, akakuta Sharon amenyoosha mkono.

"Ndiyo, Sharon."

"Madam, niliuliza."

Hakukuwa na ukali kwenye sauti yake, alikuwa msichana anayelia.

"Uliuliza," Suma alisema. "Ndiyo. Uliuliza." Akawaruhusu waende.

* * *

Mzee Wilibrodi alikuja chuoni siku ya Alhamisi. Suma alimkuta kwenye benchi nje ya ofisi yake, amevaa koti zito, kofia magotini, mkono mmoja ameuning'iniza kwa kitambaa shingoni kwa sababu ya bega.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikuleta hata kuku. Nimeogopa watu wangesema nimekuja kukununua."

Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti, akakohoa muda mrefu. Kisha akasema alichokuja kusema, polepole, kama mtu aliyekikariri njiani.

"Wanamshitaki kuua kwa kukusudia. Hakuna dhamana. Nimeambiwa polisi watakuita wewe, kwa kuwa ndiye mtaalamu. Mimi sikusoma. Lakini najua neno la msomi lina uzito. Sasa nakuomba. Sema umeme ulitoroka wenyewe kwenye waya, kwa ajili ya mvua. Au kama hilo haliwezekani, sema ule mtambo ulitengenezwa kwa wezi, na aliyekamatwa alikuwa anaiba. Basi."

"Mzee, Cornelia hakuwa anaiba."

"Najua." Alimtazama kwa macho mekundu. "Namjua Cornelia tangu anaolewa. Alimuuguza mke wangu mpaka siku ya mwisho. Yule mama ambaye Kalisti humtaja ni huyu mke wangu wa pili, mamaye mzazi alikufa, na macho yake aliyafumba Cornelia. Najua kuliko wewe. Lakini yeye ameshakufa, haumwi na maneno. Wangu yuko hai, yuko ndani."

"Ana mume. Ana watoto, wanaitwa watoto wa mwizi."

"Na mimi nitaitwa baba wa muuaji. Wewe uliyemfundisha utaitwa nani?"

Mzee akageuza kofia mikononi.

"Alikuwa akirudi nyumbani anatusimulia habari zako," alisema. "Madam kasema hivi, Madam kasema vile. Siku moja alikuja anaruka. Akasema, baba, nimemuuliza Madam, kasema inawezekana. Sikumuuliza ni nini kinachowezekana. Nilidhani Madam ameshajua."

Alisimama, akaaga kwa adabu, akatoka. Suma alifunga mlango, akakaa chini, sakafuni, nyuma ya meza yake, mahali ambapo mtu akichungulia dirishani asingemwona.

Alex alimwita siku hiyohiyo. Alikuwa ameshasoma mtaala wa somo neno kwa neno. "Rilei iko wiki ya kumi na moja," alisema. "Tukio limetokea wiki ya sita. Kwa hiyo hukumfundisha. Umeelewa? Alijifunza mtaani. Ukiulizwa, hilo ndilo jibu."

"Aliniuliza kwenye korido."

"Korido haimo kwenye mtaala."

"Alex, aliniuliza, nikamjibu."

Alex alivua miwani. "Suma, hiki chuo ni kichanga. Wazazi wanaogopa kuleta watoto. Unataka kumsaidia nani ukisema hivyo? Kijana hatatoka. Marehemu hatafufuka. Utajizika wewe tu."

Usingizi ulimkataa siku kadhaa. Hakuwa mtu wa kusali sana tangu alipoondoka kwao, lakini alijikuta akirudia sala za utotoni bila kufika amina. Alilolijua alilijua. Akisema mashine haimjui mwizi, jina la Cornelia litasafishwa, na Mzee Wilibrodi atamhesabu kuwa ndiye aliyemfunga mwanawe. Akinyamaza, wale kina mama wa mkekani watakuwa wamepata jibu lao.

Kituoni alipokewa na mpelelezi aitwaye Sayi, Msukuma mnene, mstaarabu, aliyemtafutia kiti kizuri.

"Tueleze tu, Madam. Huu mtambo ulikuwa unaweza kumtambua mwizi?"

"Hapana. Haumjui mwizi, haumjui jirani, hata usiku hauujui. Unajua giza na unajua waya umevutwa. Angevuta mtoto wa miaka mitano, ungefanya vilevile. Angevuta Kalisti mwenyewe, ungemuua. Akauvuta mama aliyekuwa anamtafuta mbuzi wake."

Sayi aliandika. "Na yeye alikuwa anajua kwamba ungeua?"

"Sidhani. Alidhani ni kama shoti ya pasi, mtu anaruka anakimbia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui ardhi iliyolowa inafanya nini. Alitakiwa aulize." Akasogea mbele ya kiti. "Aliniuliza mimi. Aliniuliza kama anaweza kuweka chenye nguvu zaidi. Nikamwambia aweke rilei, na baada ya rilei aweke chochote. Sikumuuliza anataka kuweka nini. Nilikuwa na haraka."

"Ulimwambia aunganishe umeme wa nyumbani?"

"Nilimwambia chochote."

"Hukumtajia umeme wa nyumbani."

"Sikuutaja. Naomba uandike neno hilohilo, 'chochote'."

Sayi aliweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma. "Madam, wewe ni shahidi. Usijitafutie kesi. Hakuna sheria ya chochote."

"Naomba uandike."

Akaandika. Suma alisoma ukurasa wote, akatia saini. Alipotoka nje hakwenda nyumbani. Alitembea mpaka Izia, akamkuta Cleophas kwenye karakana yake anapiga randa ubao, akasimama mlangoni. Kulikuwa na wateja wawili na mzee mmoja aliyekuja kuzungumza.

"Kaka, siku ile uliniuliza, sikukujibu," alisema, na akapandisha sauti wote wasikie. "Haimjui mwizi. Mashine ile haimjui mwizi hata kidogo. Mke wako alishika waya kwenye ukungu, basi. Nimeyaandika polisi."

Cleophas aliendelea kupiga randa. Maganda ya mbao yalijikunja yakaanguka miguuni pake. "Ungesema siku ile," alisema mwishoni. "Siku ile walikuwa wamejaa."

* * *

Kesi ilichukua zaidi ya mwaka. Kalisti alikaa mahabusu, akakonda, akaota ndevu. Suma alikwenda kumwona mara tatu. Mara ya kwanza alikataa kutoka. Mara ya pili alitoka, wakakaa wakitazamana, akauliza habari za wenzake waliofaulu. Mara ya tatu alisema, "Madam, ulipaswa kunikataza?" na Suma alipojibu ndiyo, akatikisa kichwa.

"Ningefanya tu," alisema. "Walimpiga mzee jiwe. Ningekudanganya, ningekwambia ni taa."

Suma hakujua kama huo ulikuwa ukweli au zawadi.

Chuoni hakufukuzwa. Alipewa karipio kwa maandishi, na somo la mantiki ya kidijitali akapewa kijana mmoja mpya kutoka Dar es Salaam, kwa muda, walisema. Yeye akafundisha hesabu za umeme kwa watu wa cheti. Alipopita korido asubuhi ya Machi alisikia sauti ya yule kijana ikisoma majina ya vitabu na tarehe za mitihani.

Hatimaye mawakili wa serikali walibadilisha shitaka likawa kuua bila kukusudia, na Kalisti akakiri. Hukumu ilisomwa Juni, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika kweli, watu mahakamani wamejifunika mablanketi mabegani. Kabla ya adhabu, jaji alimuuliza Cleophas kama alikuwa na neno.

Alisimama. "Sina la kuomba," alisema. "Nataka iandikwe tu kwamba mke wangu alikwenda kutafuta mbuzi."

"Imeandikwa," jaji alisema. Ilikuwa imeandikwa, iliandikwa tangu kwenye maelezo ya Suma. Cleophas akakaa. Hakufurahi wala hakulia. Alikunja mikono kama mtu aliyemaliza kazi ndogo iliyochukua muda mrefu.

Kalisti alipewa miaka mitano, ukiondoa muda aliokaa mahabusu. Angepelekwa gereza la mkoa mwingine. Alipotolewa alipita karibu kabisa na benchi la baba yake, na askari akawaruhusu washikane mikono muda wa kuvuta pumzi moja.

Nje, Suma alisimama kwenye ngazi. Hakujua anamsubiri nani mpaka alipomwona Mzee Wilibrodi anatoka, peke yake, koti lilelile, bega moja limeshuka kuliko jingine.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alimtazama. Marahaba haikutoka. Akampita, akateremka ngazi moja moja akishika ukuta, akafika chini kwenye vumbi. Suma alibaki na shikamoo yake hewani, watu wakimpita huku na huku.

Mzee alikwenda hatua chache, akasimama. Akageuka nusu, bila kumtazama.

"Huko wanakompeleka," alisema, "wanaruhusu kupeleka blanketi?"

"Sijui, mzee. Naweza kuuliza."

"Uliza," alisema, akaendelea kwenda.